Nati ya Nne

Jirani yetu, mama mshonaji, anasema mimi nilikuwemo ndani ya lile gari.

Anasema aliniona kwa macho yake mawili, akiwa na pini mdomoni. Eti nilikimbia nyuma ya gari, nikafungua mlango likiwa mwendoni, nikaingia. Eti kule mlimani nikamwambia Bwana Shusha anioe, akacheka, nami nikashika usukani. Eti nilirudi kwa miguu, mikono yote damu.

"Damu mbichi," anawaambia wateja huku akiwapima kiuno. "Inadondoka! Na hakulia hata chozi. Msichana asiyelia mwogopeni."

Wateja wanaganda na mikono juu kama watu waliotekwa. Kiuno kimoja kinapimwa mara tatu.

Simlaumu. Mambo mawili katika hadithi yake ni ya kweli. Nilikimbia nyuma ya gari. Na mikono yangu ilikuwa myekundu.

Mengine yote kayashona mwenyewe.

Kwa aliyeanza kunisoma leo, mimi ni yule binti aliyeishia shule ya msingi, akachukuliwa na kaka yake amsaidie gereji. Nimeshawasimulia moto ulivyokula gereji yetu ya kwanza, na wifi alivyombeba mtoto akarudi kwao, akisema hawezi kulala na mwanamume anayenuka grisi halafu hana hata paa. Niliishia pale gari la Bwana Shusha lilipookotwa bondeni kule mlimani, siku ile ile lilipotoka kwetu, magurudumu juu. Mwenyewe yuko hospitali, hajitambui. Kaka polisi walimchukua na ovaroli yake mwilini.

Wengi mmeniandikia. Mnasema pole, dada, dunia imekuonea.

Subirini kwanza. Someni mpaka chini, ndipo mseme kama bado mnanipa pole.

*

Bwana Shusha tulimpa jina hilo kwa sababu hakuwa na neno jingine. Alikuja na gari la mbio la milango miwili, akashuka, akalizunguka kama anayenunua ng'ombe.

"Fundi, hili gari liko juu kama ngamia. Shusha."

"Nishushe kiasi gani, bosi?"

"Mpaka paka akitaka kupita chini yake afikirie kwanza."

Kaka akacheka. Bwana Shusha hakucheka.

"Chukua msumeno, kata springi mzunguko mmoja, tumalize. Nina mbio za mlimani wiki ijayo."

"Springi si muwa," kaka alimjibu. "Ukizikata, gari linadunda kama mpira, halafu siku ya kona linakuacha. Nunua zilizotengenezwa fupi. Na kama hutaki lilale kwenye kona, lete na stabilaiza nene, mbele na nyuma."

Stabilaiza ni chuma kirefu kinacholiunganisha gurudumu la kulia na la kushoto, ili gari likikata kona lisiegemee upande kama mlevi. Hilo sikufundishwa darasani. Nimelijua kwa kukaa kimya na kutazama, miaka mitano.

Bwana Shusha akasonya, lakini akaleta. Springi fupi nne, na stabilaiza mbili nene kama kidole gumba cha kaka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo lilipo kosa langu.

Kila gurudumu la gari lile lina mkono wa chuma unaolishika, na kila mkono una nati yake kubwa. Ukibadilisha springi lazima uzilegeze zote nne. Na ukimaliza, huzikazi gari likiwa limening'inia kwenye stendi. Ndani ya ule mkono kuna mpira. Ukikaza gari likining'inia, siku likisimama mpira unajisokota, unapasuka.

Kwa hiyo nati unazifunga kwa vidole tu. Halafu unaliteremsha gari juu ya mbao nene, moja chini ya kila gurudumu, lisimame kwa uzito wake. Hapo ndipo unaingia chini na kukaza kwa spana ndefu, mpaka mshipa wa shingo usimame.

Mbao zikitolewa, basi tena. Gari lililoshushwa halimpishi mtu chini yake, hata mimi niliye mwembamba kama ufagio.

Na gereji yetu ilikuwa na sheria moja. Kaka aliiandika ukutani kwa chaki, na moto ulipoufuta ule ukuta wa kwanza, akaiandika kwenye wa pili: ANAYEKAZA HAPAKI, ANAYEPAKA HAKAZI.

Kaka anakaza. Mimi naingia na spana ile ile, najaribu. Ikigoma kabisa, naweka nukta ya rangi nyekundu juu ya nati. Rangi yenyewe ni ya kucha. Chupa ya kwanza alinipa Mzee Pancha, yule mzee anayeziba matairi kwenye kona yetu, mteja aliisahau kwenye kiti chake. "Kucha zako hazifai kupakwa, mjukuu wangu," aliniambia. "Basi paka hata vyuma."

Ndipo watu wakaanza kuniita Binti Rangi.

Miaka mitano, nyekundu yangu haikudanganya hata siku moja. Wateja walikuwa wanainama kuitazama kabla ya kuondoka. Dereva mmoja wa lori alikuwa akiniuliza kwa kubana pua: "Nyekundu ipo?" Nikisema ipo, analala usingizi njiani, anasema, ingawa sidhani kama ni jambo la kujisifia kwa dereva.

*

Siku ile kaka alikaza nati tatu, mbili za nyuma na ya mbele kushoto. Nikajaribu, zikagoma, nikapaka. Ikabaki ya nne, ya mbele kulia.

Nikaifunga spana ndefu kwenye kitambaa chake, kama ninavyofanya siku zote kaka akipumzisha mkono, nikanyoosha mkono nje, nikailaza juu ya sanduku la vifaa.

Hapo Bwana Shusha akaingia na kelele.

"Bado tu? Nimekwambia saa nane! Wenzangu wananisubiri niwaonyeshe gari, wewe umelilalia kama kuku kwenye mayai!"

Kaka akatoka chini ya gari. "Imebaki moja."

"Moja, moja! Tangu asubuhi moja! Wewe fundi au mkunga?"

"Bosi, punguza sauti. Nina majirani."

"Majirani wasikie! Wajue fundi wao mwoga!"

Mashine ya mama mshonaji ikanyamaza. Mashine ile haijawahi kunyamaza bure.

Kaka si mtu wa hasira. Lakini wifi alikuwa amemtumia ujumbe asubuhi ile, mtoto anamsahau sura. Akapandisha sauti, mtaa mzima ukasikia:

"Ukinikimbiza hivi, hili gari litakuua! Nakuambia, litakuua!"

Mdomo uliponza kichwa. Alikuwa anamwonya. Leo neno lile limo kwenye faili la polisi.

Mimi nilikuwa bado chini, chupa mkononi. Nikafikiri. Kaka atarudi, atakaza hii moja upesi, na huyu bwana atatulazimisha kutoa mbao pale pale. Sitapata nafasi ya kuingia tena. Gari litatoka na nati tatu zenye nyekundu na moja bila, na yeye ataanza kelele nyingine.

Nikasema moyoni: nimsaidie kaka. Nipake kabisa. Yeye akaze tu.

Nikapaka nati ya nne. Nati iliyofungwa kwa vidole.

Nikatoka ili nimwambie. Lakini walikuwa wanagombana, na mimi nimelelewa kutoingilia wanaume wakigombana. Nikasimama pembeni. Nikangoja. Watu hunisifia kwa kungoja.

Kaka akanigeukia: "Mdogo wangu, nenda kwa Mzee Pancha, mwambie aje na pampu ajaze upepo, huyu bwana aondoke."

Nikaenda. Mzee Pancha akatangulia na pampu yake, mimi nikabaki kumlindia kibanda, maana alikuwa na tairi la mtu kwenye maji. Nikalisubiri liache kutoa mapovu.

Niliporudi, mbao zilikuwa zimetolewa. Gari limelala chini kama chui. Injini inanguruma.

Nikatazama sanduku la vifaa.

Kitambaa kilikuwa pale pale, kimekunjwa vile vile nilivyokikunja mimi, ncha mbili ndani, moja nje. Na spana ndani yake.

Nilikiona. Namwapia Mungu nilikiona. Wengine husema hawakujua. Mimi nilijua kabla gari halijamaliza kutoka getini.

Nikakimbia. Nilipiga hatua kama ishirini, chupa ikanipasukia kiganjani, rangi ikanimwagikia mikono yote. Gari likakata kona vizuri sana, bila kulala hata kidogo, kama kaka alivyoahidi. Likapotea.

Mama mshonaji alikuwa mlangoni. "We binti! Umekatwa?"

Nilimpita. Nilirudi ndani nikamkuta kaka anaosha mikono.

Ndugu wasomaji, hapo nafasi bado ilikuwepo. Kaka alikuwa na namba ya simu ya yule bwana. Neno moja tu lingetosha.

Nikasema: labda ametumia spana nyingine.

Tunayo spana moja tu ya saizi ile.

*

Juzi mkaguzi wa magari aliniita kwenye uwanja wa polisi. Mzee mmoja mpole, miwani imefungwa kamba. Gari la Bwana Shusha lilikuwa pale, paa limeingia ndani. Pembeni kulikuwa na sinia la bati, na juu ya sinia nati moja.

Nukta yangu ilikuwa juu yake. Inang'aa kama imepakwa leo.

"Unaifahamu hii?"

"Naifahamu, mzee."

"Ni mkono wako?"

"Ni wangu."

Akavua miwani, akaifuta. "Nati tatu zina nyekundu, nimezijaribu, zimekazwa hasa. Kazi safi. Ya nne tumeikuta imejikusanya na matope kwenye bamba la chini. Bolti ilichomoka, gurudumu likajikunja." Akanitazama. "Nimeuliza mjini kote kuhusu rangi hii. Madereva wanaiapia. Kwa hiyo sasa niambie wewe: mnapaka kabla ya kukaza, au baada?"

Nilikwenda pale nimeshaamua. Usiku kucha nilikuwa nikijifunza maneno yenyewe: mzee, kosa ni langu. Maneno manne tu.

Ulimi ukasoma ukuta wa gereji.

"Sheria yetu ni baada," nikasema.

"Na hii?"

Nikasema: "Sheria ni moja kwa zote."

Akaandika. Akanipa kalamu, nikatia sahihi kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi, herufi moja moja. Nilidhani nimeiokoa gereji. Nilidhani atasema basi, ni bahati mbaya, vyuma vina siku zao.

Mzee akafunga daftari.

"Ahsante, binti. Basi hii si ajali. Nati iliyokazwa hivi haijifungui siku ya kwanza. Kuna mkono ulioilegeza baada yako." Akashusha sauti. "Kaka yako atashtakiwa kwa kutaka kuua."

Nikauliza, "Kwa nini kaka?"

"Si yeye aliyesema mbele ya mtaa mzima kwamba gari litamuua?"

Mnaona nilivyofanya. Kama ningenyamaza tu, kaka angekuwa na kosa la uzembe. Mimi nikaenda kulikuza kwa mkono wangu na sahihi juu.

*

Jana asubuhi nikaenda kituoni na chakula cha kaka. Nikamwomba afande wa kaunta niongee naye. Afande ni mtu wa utani, alikagua bakuli kwa kijiko.

"Hamna spana humu?"

"Hamna, afande."

"Maana ninyi watu wa gereji mnaweza kufungua hata bawaba za mlango wangu."

Kaka akaletwa mpaka kwenye kaunta. Wiki nzima hajanyoa. Hakugusa chakula. Alinishika mikono, akaigeuza, akaona wekundu uliobaki pembezoni mwa kucha. Akatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililonimaliza.

"Mdogo wangu, nimefikiri sana humu ndani," akasema. "Na ninalo jibu."

"Kaka, na mimi nina la kukwambia."

"Ngoja, langu kwanza. Nilipomaliza kugombana na yule bwana, niliinama kutazama ile nati ya nne. Nikupe ukweli, sikumbuki kuikaza. Nimejaribu kukumbuka, sioni mkono wangu unavuta. Lakini nilimulika tochi, nikaona nyekundu yako."

Nikavuta mikono yangu kutoka kwenye yake.

"Nikasema, basi niliikaza, nimesahau kwa hasira. Maana kichwa changu kinaweza kunidanganya. Nyekundu yako haiwezi. Nikatoa mbao."

"Kaka..."

"Sikiliza! Kwa hiyo kuna mtu aliifungua baada ya hapo. Nani alikaribia lile gari? Mimi, mwenye gari, na nani tena?"

Nilielewa kabla hajasema.

"Mzee Pancha," akasema. "Alikuja na pampu. Alipiga magoti kwenye gurudumu lile lile, mbele kulia. Mimi nilikuwa ofisini natafuta funguo. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Nimeshamwambia afande. Wameenda kumchukua."

"Kaka, Mzee Pancha hawezi hata kuinama vizuri! Gari lilikuwa limeshashuka, mkono haupiti pale!"

"Basi niambie ni nani!" Akapiga kaunta. Afande akainua macho. Kaka akashusha sauti, akaanza kulia, na mimi sijawahi kumwona akilia, hata siku ya moto. "Niambie ni nani, maana mimi sikulegeza. Mtoto wangu atakua anaambiwa baba yake muuaji. Niambie ni nani!"

Mlango ukafunguliwa nyuma yangu.

Walimwingiza Mzee Pancha, askari kila upande, kana kwamba angeweza kukimbia na goti lile bovu. Mikono yake ina gundi mpaka viwiko. Pampu yake wamembebea kama kielelezo. Na nyuma yao, amini usiamini, mama mshonaji na futi yake shingoni, amekuja kutoa ushahidi bila kuitwa.

Mzee akaniona. Akafurahi.

"Afadhali upo, mjukuu wangu. Hawa wananiuliza mambo ya nati. Mimi nati nazijulia wapi? Mimi ni mtu wa upepo."

Afande akacheka kidogo, kisha akaacha. Akavuta daftari kubwa, akageuza ukurasa mpya, akaandika tarehe.

"Haya. Binti Rangi, sogea. Jambo hili ni jepesi. Ukisema nati ilikazwa ndipo ukapaka, basi iliyofunguliwa ilifunguliwa baadaye, na huyu mzee ana maswali ya kujibu. Mkaguzi anasema umeshatia sahihi. Nataka urudie mbele ya hawa wawili."

"Mwambie, mdogo wangu," kaka akasema. Ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Niapie mbele ya afande. Sema ulijaribu, ikagoma, ndipo ukapaka. Sema hilo tu, nitoke."

Mzee Pancha naye akanisogelea kwa goti lake bovu.

"Sema, mjukuu wangu. Wewe huwa unaona kila kitu. Waambie ulichoona."

Nyuma yangu mama mshonaji akatema pini zake kiganjani, moja moja, asije akakosa neno.

Nikaweka mikono yangu juu ya kaunta, kucha juu.

"Tunakusubiri, binti," afande akasema, kalamu imegusa karatasi. "Kabla, au baada?"